Kothbiro: Kutoka Bendi ya Roki hadi Nyuzi Nane

Wikendi katika klabu za Embu na Meru, mpiga muziki wa mugithi hupanda jukwaani peke yake, lakini bendi anayo: kinanda kilichotegeshwa mapema kinampigia ngoma na besi, naye anaongeza gitaa la umeme na sauti. Mwanamuziki Ayub Ogada, alipobaki bila wenzake, alipita njia nyingine kabisa.

Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, alitoka kwenye roki. Alikuwa katika Black Savage, bendi iliyorekodi wimbo “Kothbiro” mwaka 1976, kisha mwaka 1979 akashiriki kuunda African Heritage Band, iliyochanganya ala za jadi na roki na soul. Mwaka 1986 akahamia Uingereza na kuwapigia nyatiti, ala ya jadi ya nyuzi, abiria wa treni za chini ya ardhi jijini London. Mwaka 1993 Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo.

Ndani yake “Kothbiro” imo tena. Ukizisikiliza rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine, ufundi unajitokeza.

Katika ile ya pili, kazi ya bendi imehamia kwenye ala moja. Nyatiti ina nyuzi 8 zilizopita juu ya bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng’ombe. Kijadi, mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi. Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga mti wa ala, na njuga zilizofungwa mguuni huitikia. Hiyo ndiyo ngoma. Nyuzi nzito zinashika besi, nyembamba zinapiga kazi ya gitaa.

Ila Ogada hakuipiga kama inavyopigwa matangani, kwa kasi na kishindo. Alipunguza mwendo, akachagua kifungu kifupi cha noti na kukizungusha, akaimba kwa sauti nyororo juu yake. Hakuna anayegombea nafasi: nyuzi zikizunguka, sauti inaelea.

Kila toleo lilipata safari yake. Lile la nyatiti liliingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, likiziachia picha nafasi ya kusema. Lile la Black Savage lilikatwa kipande na Kanye West katika “Yikes” mwaka 2018.