Mada Isiyouliza: Uhakiki wa Ubainishaji wa Tatizo katika Tafiti za Sera ya Kiswahili nchini Uganda

Mada ya utafiti husomwa na wengi kuliko tasnifu yenyewe. Mshauri wa sera anayetafuta ushahidi hupitia orodha ya mada, akachagua mbili tatu, kisha akafungua ukurasa wa tatizo na ule wa mapendekezo. Tatizo likibainishwa vibaya, mapendekezo huweza kuonekana ya busara ilhali hayagusi kinachokwamisha jambo.

Uganda inatoa mfano ulio wazi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini ibara hiyohiyo ya 6 iliweka sharti kwamba kitumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge kwa sheria. Miaka 17 baadaye, Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu urasmi wa Kiswahili, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha iliyokwisha kuwa rasmi kikatiba ilihitajije uamuzi mwingine wa aina hiyo? Hapo pana tatizo la utafiti: mambo mawili yasiyopatana, ambayo msomaji yeyote anaweza kuyaona na kutaka yaelezwe.

Tafiti nyingi hazianzii hapo. Mada ya kawaida huwa na umbo hili: “Mitazamo ya Walimu na Wanafunzi kuhusu Kiswahili katika Shule za Sekondari za Wilaya Fulani”. Kisarufi haina dosari, na eneo la utafiti limetajwa. Hata hivyo, kabla ya data kukusanywa, mada hiyo imekwisha kuamua kwamba kikwazo kimo vichwani mwa watu. Hojaji itauliza nani anakipenda Kiswahili na nani hakipendi. Matokeo yatakuwa mchanganyiko. Pendekezo litakuwa kampeni ya uhamasishaji. Sheria iliyosubiriwa, nafasi za ajira za walimu na hadhi ya somo katika mitihani havitaulizwa, kwa kuwa mada haikuviachia mlango.

Hii haina maana kwamba mitazamo ni jambo la kupuuzwa. Kabaka Daudi Chwa alikipinga Kiswahili mwaka 1929, na uhusiano wa lugha hii na jeshi na polisi uliacha kumbukumbu chungu. Lakini Buganda ilikuwa ikitetea lugha na hadhi yake katika utawala wa kikoloni. Mtazamo huo ulikuwa na sababu, na sababu hizo ndizo zinazohitaji kuchunguzwa. Mtafiti anayeishia kuandika “mtazamo hasi” amelipa jambo jina tu.

Dosari ya pili ni namna “pengo la maarifa” linavyotajwa. Kauli kwamba hakuna utafiti uliofanywa katika wilaya husika hutolewa kana kwamba inatosha. Uganda ina wilaya zaidi ya 130. Kwa hoja hiyo zinahalalishwa tasnifu zaidi ya 130 zenye matokeo yaleyale. Mada zinazoanza na “Mchango wa” zina udhaifu wa karibu na huo: ni nadra mtafiti wake kugundua kwamba mchango haukuwapo.

Mada kama “Hatua za Kisheria na Kibajeti katika Utekelezaji wa Ibara ya 6(2) ya Katiba ya Uganda, 2005–2022” haivutii sana masikioni, ila inaweza kukanushwa na data, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ni kweli kwamba hati za bajeti hazipatikani kwa urahisi kama wanafunzi wa darasa moja, na mwanafunzi wa uzamili mwenye muda na fedha kidogo hastahili kulaumiwa peke yake. Miongozo ya idara inayodai mada itaje vigezo viwili na wilaya moja ina sehemu yake katika lawama.

Mada hiyo nayo inahitaji kupimwa nje ya mipaka ya Uganda. Bunge la Rwanda lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Iwapo matumizi yake katika ofisi za umma huko yatabainika kuwa hafifu licha ya sheria kuwapo, maelezo ya kisheria kuhusu Uganda yatakuwa yamepungukiwa, na tatizo litapaswa kuandikwa upya.