Kiti Kisichokaliwa

Katika nyumba ya wageni moja ya mjini Shinyanga niliona kigoda cha miguu mitatu kimewekwa juu ya jiwe jeupe, kimepakwa vanishi hata kikang'aa, na taa ndogo imeelekezwa kwacho kutoka darini. Akaingia mzee mmoja, fimbo mkononi, naye kwa kuwa alikuwa amechoka alikiendea moja kwa moja. "Samahani babu," kijana wa mapokezi akamwambia, "hicho ni cha kutazamwa." Mzee akauliza, "Kutazamwa na nani?" Hakujibiwa. Alipewa kiti cha plastiki akaketi, nami nikabaki na swali lake, ambalo naona lastahili kuulizwa kabla hatujausifu mtindo huu uliozuka wa kuvitoa vyombo vya nyumbani katika kazi zake na kuvigeuza sanamu.

Mtindo wenyewe umeenea. Koroboi imekuwa taa ya meza yenye waya wa umeme tumboni. Ungo umepanda ukutani. Chungu kimetobolewa kikawa kivuli cha taa. Mlango wa kale umelazwa ukawa meza. Wako wanaouita ufufuo wa sanaa yetu, na wako wanaouita wizi. Mimi sioni kuwa neno moja laweza kuvitosha vitu vyote hivi. (Wanafunzi wangu huchanganya "samani" na "thamani" katika insha zao, nami huwasahihisha kila mwaka, ijapokuwa asili ya maneno hayo ni mbalimbali, lakini katika jambo hili kosa lao lina maana kuliko masahihisho yangu.)

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili lilianzia kwetu, au kwamba ni la jana. Mwaka 1913 Mfaransa Marcel Duchamp alichukua kigoda cha jikoni akasimamisha gurudumu la baiskeli juu yake. Tangu hapo kigoda kile hakikukalika tena, na hilo ndilo lililokusudiwa: kitu kinyang'anywe kazi yake, ili jicho lilazimike kuliona umbo ambalo matako yalikuwa yakilifunika. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Italia, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walishika njia nyingine. Walitwaa kiti cha chuma cha trekta, wakakipa mguu mmoja uliopinda na kipande cha mti cha kukitegemeza. Chao chatazamwa na chakaliwa. Basi njia ni mbili, na aliyeweka kigoda cha Shinyanga juu ya jiwe alifuata ya Duchamp, nadhani bila kujua, na bila ule utani wake.

Lakini Usukumani ziko sababu za kuliangalia jambo hili kwa uzito zaidi, kwa maana huko kiti kiligeuka sanamu kabla ya msanii yeyote kukigusa. Kiti cha mtemi kwa umbo kilikuwa ndugu wa kigoda cha kila nyumba. Kilichongwa katika gogo, bila msumari. Tofauti yake kubwa ilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kukikalia. Majirani Wanyamwezi walipenda kukiongezea mgongo mrefu: kiko kimoja cha Buruku, katika Unyanyembe, chenye umbo la mtu lililochongwa mgongoni, ambacho kilichukuliwa zama za Wadachi na sasa kimo katika makumbusho ya Berlin. Hicho kilinyang'anywa kazi yake kwa kusafirishwa. Vilivyobaki vilinyang'anywa kwa sheria. Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na kiti kilichokuwa kimebeba ukoo mzima, kama ule wa Kidaha Makwaia wa Usiha aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, kikawa mti mtupu uliochongwa vizuri. Silaumu sheria ile. Taifa changa halikuweza kuwa na viti vingi namna hiyo. Nasema tu kwamba hapakuhitajika gurudumu la baiskeli.

Wa kukifanyia kitu kiti hicho alitokea Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma. Hapo jumba la watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Msomaji asiyelifahamu asidhani kwamba nasema mfano. Kiti kimekuzwa hata kikawa nyumba, na ndani yake zimo ngoma na viti vya watemi. Naliona kuwa wazo lenye nguvu kuliko yote niliyoyaona nchini katika jambo hili. Mtu mmoja alikuwa akikaa juu ya kiti. Sasa watu wengi, pamoja na watoto wa shule waliofika kwa basi, hukaa ndani yake na kupata kivuli. Kazi ya zamani imekufa na kiti kimepewa nyingine, na hiyo mpya yaeleza ile ya kwanza: kwamba mtemi alipokikalia hakukikalia kwa ajili yake mwenyewe.

Hata hivyo sitaficha kasoro. Jengo limepoteza jambo ambalo kigoda cha mti hakikosi, nalo ni alama ya tezo. Ukipitisha kidole chini ya kigoda wasikia mapigo ya fundi moja moja, mahali aliposita na mahali alipokata kwa hamaki. Ukuta wa jengo haukumbuki mkono wa mtu. Tena, vile viti halisi vilivyomo ndani ni vya kutazamwa, kama kile cha nyumba ya wageni; yule mzee angesimama hapa pia, ingawa pengine angejua ni nani anayetazama.

Juu ya koroboi nitasema machache. Ilikuwa kopo la maziwa au la mafuta ya kupikia kabla haijawa taa, kwa hiyo fundi bati ndiye aliyekuwa msanii wa kwanza wa kugeuza, na anayetia waya wa umeme leo anarudia kazi iliyokwisha fanywa kwa ustadi zaidi. Moshi wake sina hamu nao.

Ni Geita ndiko hoja yangu yote inakotikisika. Mkoa huo, uliotengwa kwanza kwa dhahabu na mwaka 2012 kwa sheria, ningeweza kusema kwa mzaha, una mgodi mkubwa ulioanza kuchimba mwaka 2000, na kando yake wachimbaji wadogo wasiohesabika, kama wale wa Rwamagasa. Huko vyombo vya nyumbani vimegeuzwa bila kumsubiri msanii. Gunia hutandikwa juu ya mbao zilizoinamishwa, ili mchanga uliosagwa na karasha upite na maji na dhahabu inase katika nyuzi. Beseni la kufulia ndimo mchanga huo huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kitambaa hukamua, na moto, mara nyingine wa jikoni hasa, huifukuza zebaki ikawa mvuke. Kwa umbo, beseni hilo ni zuri. Limekwaruzwa na mchanga hata likapata mng'ao ambao hakuna fundi awezaye kuuiga, na namwona tayari mtu wa mjini akilinunua ili alitundike juu ya meza ya kulia.

Je, nimkataze? Nilipokuwa nikiandika juu ya Bujora nilisifu chombo kipewe kazi mpya inayoeleza ya kwanza. Kwa beseni la Geita nadai kinyume chake: liondolewe kazini upesi, kwa njia ya Duchamp, lisirudi kufuliwa nepi za mtoto wala kuoshewa mchele, kwa maana zebaki haionekani ndani yake. Likitundikwa ukutani litakuwa salama zaidi kuliko likibaki uani. Lakini anayelitundika aandike chini yake lilikuwa likifanya nini, na amlipe mama aliyelitoa bei ya kununulia beseni jipya.