Kahawa Tungu na Ufundi Wake

Tumezoea kuitafuta sanaa mahali penye kiingilio. Watu hufunga safari hadi Fort Jesus kutazama vyungu vya kale, na ni vyema waende. Lakini Bodo, kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Funzi, na katika vijiji vingi vya Kwale, kuna ufundi usiohitaji safari. Dele, birika la shaba la kahawa, likishafika barazani, umefika. Nashikilia kwamba kahawa tungu ya pwani ni sanaa kamili, na kwamba haipungukiwi heshima kwa kuwa hunywewa ikaisha na kesho ikapikwa nyingine.

Fuata kazi yenyewe. Buni hukaangwa mpaka ziive sawasawa. Ukiziepua mapema kahawa huwa na uchachu, ukichelewa utakunywa mkaa. Kisha hutwangwa kinuni, na kahawa huchemshwa kwa muda mrefu, ikaachwa mashapo yatulie chini. Hutiwa tangawizi iliyopondwa, wengine wakaongeza iliki, na hapo ndipo mikono hutofautiana, kwa kuwa tangawizi ikizidi huifukuza kahawa yenyewe. Muuzaji hulibeba dele pamoja na jiko lake dogo la makaa, hivyo kutembea kwake kote ni kulinda moto. Makaa yakiwa makali kahawa hufurika, yakififia hupoa kabla hajafika baraza ya pili. Mkono wa pili una vikombe vidogo visivyo na vishikio. Anavigonganisha, na mlio ule ndio tangazo lake lote. Sukari haimo. Utamu umewekwa nje, katika kashata ya nazi au ya njugu: unauma kidogo, kisha unapiga funda. Wala usidhani ni uhaba. Ramisi, jirani tu na Bodo, palikuwa na kiwanda cha sukari mpaka kikafungwa mwaka 1988, na kahawa ya vijiji vile ikabaki tungu. Utungu huu umechaguliwa.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Waarabu, sisi tumeyaiga. Basi na tuulize kahawa ni ya nani. Mmea umetoka Ethiopia. Masufi wa Yemen wakanywa kahawa yake ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka akaipiga marufuku, na marufuku yenyewe haikudumu. Mwaka 1685, Johannes Diodato, mfanyabiashara Muarmenia, alipata kibali cha kuuza kahawa mjini Vienna. Waarmenia mpaka leo huipika katika chombo kidogo cha shaba chenye mpini mrefu, unga wake laini kama poda, na huiepua povu linapopanda. Sukari, kwa anayeitaka, huingia tangu mwanzo. Sisi huichemsha sana, hatujali povu, na sukari tunaiacha nje ya kikombe. Buni ni zilezile, ila maamuzi ni mawili tofauti, na katika maamuzi ndimo ufundi unamokaa. Hakuna anayemwambia Muarmenia kwamba kahawa yake ni ya kuazima. Kenya nayo ilipandiwa mibuni Bura, Taita, mwaka 1893, na hadi leo sehemu kubwa ya mavuno hupelekwa nje. Pwani ni miongoni mwa sehemu chache za nchi hii ambako kunywa kahawa ni desturi ya watu wa kawaida.

Wengine hulaumu uvivu: wanaume wameketi, bao limetandazwa, saa zinakwenda. Lawama hii husahau kwamba saa ya mvuvi hupangwa na maji. Aliyeko barazani alasiri huenda alikuwa baharini kabla ya alfajiri. Lawama ninayoiona nzito ni nyingine. Kashata mara nyingi hupikwa na wanawake, na mkeka wa kukalia wameusuka wao kwa ukili waliouchovya rangi, mstari baada ya mstari. Halafu barazani wakaketi wanaume. Nusu ya sanaa hii ni ya wanawake, nao huinywa kahawa ndani ya nyumba au kwenye arusi na matanga. Hapo sina utetezi, ila kusema kwamba kosa ni la mpangilio wa kukaa, na mpangilio hubadilika bila kumwaga kahawa.

Kahawa ya unga ya kopo hainitishi; ni kinywaji kingine, cha mwenye haraka. Kinachoweza kuua ufundi huu ni bei. Kijana hawezi kujifunza kukaanga, kutwanga na kulinda moto kwa kazi ambayo wateja wake huona shilingi chache ni nyingi, ilhali hulipa soda bila kuuliza. Kwa hiyo, ukipita Bodo ukingoja mashua ya Funzi, lipa bei aliyoitaja muuzaji, uma kashata yako, na usiombe sukari.