Hekalu Nyuma ya Taa

Kuna mkahawa wa Kijapani hapa Westlands ambao siendi sana, maana bei zake si za tarehe 25. Lakini kwenye ujia wa kwenda msalani wametundika nakala ya picha ambayo imenirudisha pale mara tatu: lango jekundu la hekalu, theluji inayosukumwa na upepo, mwanamke aliyejikunyata chini ya mwavuli. Ni Zojoji ya Kawase Hasui, chapa ya mbao ya 1925.

Ni picha nzuri mno, na hapo ndipo ninapoanza kuishuku.

Miaka miwili kabla yake, 1923, tetemeko liliibomoa Tokyo na moto ukamalizia. Hasui mwenyewe alipoteza vitabu vyake vya michoro. Ukitazama lango lile huwezi kujua. Hakuna kifusi, hakuna nguzo ya stima. Mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo, aliuza sana kwa wageni, hasa Wamarekani, na mgeni hupenda Japani iliyotulia. Sisi tunaijua biashara hiyo: mgunga, twiga, jua linazama, na mwenyeji haonekani popote.

Kusema haki, lango lenyewe, lililojengwa 1622, lilinusurika. Labda ndiyo maana Hasui alilichora: kuna siku unatazama tu kile kilichobaki. Bado, nikitoka pale najihisi nimebembelezwa.

Utagawa Hiroshige hakubembelezi. Edo, yaani Tokyo ya zamani, ilipigwa na tetemeko 1855; mwaka uliofuata akaanza mfululizo wake wa mandhari mia moja ya mji huo. Tafuta kwenye simu yako hekalu la Asakusa. Kitu cha kwanza utakachokiona ni taa kubwa nyekundu ya langoni, imeletwa karibu mpaka ukingo wa karatasi umeikata. Hekalu liko mbali huko nyuma, dogo, na watu wanalielekea kwenye theluji. Na theluji yenyewe ni karatasi tu iliyoachwa bila rangi. Hiroshige amekusimamisha mlangoni, mahali mtu wa kawaida husimama akiwa njiani.

Sasa sikia hili. Lango lile liliungua 1865 na halikujengwa tena hadi 1960. Kwa miaka 95, mtu aliyetaka kuliona alikuwa na picha tu. Na hata picha hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja: mmoja alichora, mwingine akachonga mbao, mwingine akachapa, mwingine akatoa pesa. Ile buluu tunayoiita ya Kijapani? Ilitoka Ulaya.

Ndiyo maana nikiwa kwenye matatu, tumekwama kwenye jam ya Barabara ya Profesa Wangari Maathai, namfikiria Hiroshige. Mbele yangu kuna mkono wa makanga uliong'ang'ania mlango. Juu yake nyaya. Nyuma ya nyaya, minara ya hekalu la Swaminarayan, lililofunguliwa 1999 kwa mawe ya manjano kutoka India. Mawe yamevuka bahari, lakini hekalu ni la Nairobi kama vile buluu ile ilivyo ya Edo. Picha iko tayari. Nani ataichora bila kufuta mkono wa makanga?

Mafundi tunao. Peterson Kamwathi alichonga fahali kwenye mbao miaka ya 2000, na fahali hao walibeba siasa zetu zote. Kinachokosekana ni mazoea ya kuutazama mji huu kama mandhari. Mnakumbuka Aprili 2020, picha za Mlima Kenya ukiwa nyuma ya maghorofa ya Nairobi zilipoenea mitandaoni? Wengi tulisema ni uongo, kompyuta imetumika. Mlima wa mita 5,199, na hatukuamini kwamba unaonekana kutoka kwetu. Mtu wa Edo hakuhitaji kushawishiwa kuhusu Fuji: Hokusai na Hiroshige walikuwa wameuweka nyuma ya maduka, madaraja na mapipa, akauzoea.

Westlands kila mwezi ghorofa moja linameza upande mmoja wa mbingu. Kuna minara ambayo mwaka ujao haitaonekana kutoka barabarani. Anayejua kuchonga na aanze sasa, na nyaya asiziondoe.