Mashine Hulia, Sikio Huchagua

Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na hakuna mgodi wa dhahabu juu yake. Dhahabu ya Tanzania imelala kwenye miamba ya kale zaidi: Geita, Sekenke, na Chunya, ambako mchanga wa eneo la Lupa umekuwa ukiwavuta watafutaji tangu miaka ya 1920. Lakini anayejua kuitumia mashine ya kupimia dhahabu kwenye kihamba, shamba la nyumbani, juu ya Moshi, Chunya hataona tabu.

Kisa ni udongo. Koili hupeleka nguvu ya usumaku ardhini, na metali ikiwepo hujibu. Udongo wa volkano, uliojaa madini ya chuma, nao hujibu. Mgeni wa kazi mashine ikimlilia kila hatua, hupunguza nguvu mpaka inyamaze. Ameshazipoteza punje ndogo zote. Fundi hatafuti kimya. Huchagua mahali pasipo na metali, akainua na kushusha koili, akirekebisha mpaka mvumo ubaki uleule juu na chini. Kisha huacha sauti nyembamba masikioni, kama mbu aliye nje ya chandarua. Dhahabu ndogo iliyo chini sana haipigi kelele. Huitikisa tu sauti hiyo.

Ikitikisika, hakimbilii sururu. Anapitisha koili kutoka mashariki, kisha kutoka kusini. Msumari mara nyingi hukatika mlio, au hulia mara mbili ukipitiwa upande mmoja. Jiwe lenye chuma hutoa mlio mpana usio na kitovu, nao hufifia upesi koili ikiinuliwa. Metali nzuri hulia palepale kila upande. Akikwangua udongo wa juu, mlio unakua. Hapo ndipo huchimba.

Bado hajui alichopata. Karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara hulia sawa na punje ya dhahabu, na namba za kwenye kioo cha mashine, wanazozisifu sana wauzaji, haziwezi kuzitenganisha kwa uhakika.

Wengi huku Kilimanjaro huitaka mashine kwa ajili ya hazina zinazodaiwa kufukiwa na Mjerumani, hadithi isiyokauka popote penye boma la kale. Angalau sarafu za dhahabu zilikuwepo kweli: mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza vikiwabana, Wajerumani waligonga Tabora sarafu za rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima ambao wengi husema ni Kilimanjaro.

Mwisho wa kazi ni vidole. Udongo uliochimbwa hugawanywa, nusu inayolia hubaki, ikagawanywa tena, mpaka iwe konzi moja. Konzi hiyo humwagwa kidogo kidogo juu ya koili, na kitu cha metali kikiigusa, mlio ni mfupi na mkali. Kwenye kihamba huwa ni kizibo cha soda au kipande cha waya. Fundi hukitia mfukoni kisimlilie tena kesho, hufukia shimo lisidhuru mizizi ya kahawa, kisha huirekebisha mashine upya, maana hatua kumi mbele udongo ni mwingine.