Jinsi ya Kupima Katuni Nzuri: Mtazame Ngamia Anavyotembea

Watu wengi wakiona katuni ya kompyuta, manyoya yanameremeta na vumbi linatimka, huamua papo hapo kuwa imeishinda ile ya kuchorwa kwa mkono. Wanapima chombo, wanasahau kazi. Ubora wa katuni uko kwenye mwendo, na watu wa Garissa wana jicho zuri la kuupima, maana wamekua wakitazama ngamia.

Anza na miguu. Ngamia hupeleka miguu ya upande mmoja karibu pamoja, kisha ya upande wa pili, ndiyo maana mwili wake huyumba. Twiga wa hifadhi ya Bour-Algi, nje kidogo ya mji wa Garissa, hutembea vivyo hivyo. Aliyemtembeza ngamia kama punda hakumtazama ngamia, awe ameshika penseli au kipanya.

Tafuta uzito. Ngamia akikanyaga, unyayo wake laini hutanuka. Katika kazi hafifu ya kompyuta, unyayo huteleza juu ya mchanga kana kwamba mnyama ananing'inia. Katika kazi hafifu ya mkono, umbo halitulii: nundu huvimba picha hii, ikanywea picha ijayo.

Angalia kasi. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wa mkono mara nyingi huchora 12, kila mchoro ukatumika mara mbili, na mwendo ukabaki mzuri. Kinachoharibu ni kuipa kila hatua muda sawa. Ngamia akiinuka hujikusanya kwanza, miguu ya nyuma ikanyooka kabla ya ya mbele, na aliyempanda akainamia mbele. Mkupuo huo ukikosekana, ngamia amekuwa lifti.

Mwisho, soma uso. Linganisha The Lion King ya 1994, iliyochorwa kwa mkono, na ile ya 2019 ya kompyuta. Ya pili ina simba unayeweza kuhesabu nywele zake, lakini huzuni na hofu zinaonekana wazi zaidi kwenye mistari michache ya ile ya kwanza. Hata hivyo, nyumbu wanaotimua mbio katika filamu hiyo ya 1994 walitengenezwa kwa kompyuta, kwa kuwa kundi kubwa namna ile lingewashinda wachoraji. Nayo katuni ya televisheni Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilichukua mtindo wa michoro ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga ikauchezesha kwa kompyuta. Vyombo hivi viwili hufanya kazi pamoja vizuri.

Kwa hiyo zima sauti, tazama dakika moja tu. Ukimjua mnyama aliyechoka na mwenye hasira bila kusikia neno, hiyo ni kazi ya fundi. Nawe kijana unayetaka kutengeneza katuni, programu ya Blender inapatikana bure, lakini kabla ya kuifungua, nenda soko la mifugo la Garissa na daftari, uchore miguu.