Tabia: Neno Moja, Mafundisho Mawili

Katika zoezi la mahubiri mwanafunzi mmoja alifafanua Waefeso 2:3 kwa ufasaha: tulikuwa chini ya hasira ya Mungu kwa sababu ya mwenendo wetu mbaya, basi na tuubadili. Wenzake wakaitikia "Amina". Hakuna aliyetambua kwamba mhubiri alikuwa amekwisha kumfuata Pelagio, wala kwamba aliyempeleka huko ni neno lililomo katika Biblia yake.

Neno hilo ni "tabia". Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inalitumia hapo, na tena katika 2 Petro 1:4, kufasiri neno la Kiyunani fusis, yaani jinsi kitu kilivyo tangu kuzaliwa kwake. Watafsiri hawakukosea. Tabia ni neno la Kiarabu, na shina lake lahusu kupiga muhuri au chapa. Ndugu yake ni "matbaa", mahali pa kuchapia vitabu. Ni alama iliyokwisha kugandamizwa. Hata leo watu husema tabia haina dawa. Lakini ni watu hao hao wanaomwonya kijana abadili tabia, na semina za UKIMWI zimetuzoeza mno kulisikia hivyo. Maana ya mwenendo imeishinda ile ya kwanza.

Wako wanaopendekeza "maumbile" au "hulka". Sikubaliani nao. Maumbile ni kazi ya Muumba, na hulka nalo latokana na shina la Kiarabu la kuumba. Kusema tu watoto wa hasira kwa maumbile ni kumnyoshea Muumba kidole. Matthias Flacius alinaswa karibu na hapo mwaka 1560, alipobishana na Victorinus Strigel huko Weimar, akidai kwamba dhambi ya asili ndiyo dhati yenyewe ya mwanadamu aliyeanguka. Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577 ilimkatalia katika kifungu chake cha kwanza: mwanadamu, hata baada ya kuanguka, ni kiumbe cha Mungu, uharibifu wake ni jambo jingine, ingawa hakuna awezaye kuvitenga viwili hivyo ila Mungu peke yake.

Hapa tabia, kwa maana yake ya kale, yatufaa kuliko yote. Nta ni ya Mungu. Chapa si nta. Wala nta haiwezi kujifutia chapa. Najua James Barr alituonya mwaka 1961 tusigeuze asili ya neno kuwa maana yake, na mkristo aliyeketi kwenye benchi hajui Kiarabu. Simpi mhubiri ushahidi, nampa mfano. Asiyeutaka aseme "kwa kuzaliwa kwetu", kwa kufuata kifungu cha pili cha Ungamo la Augsburg.

Kwa 2 Petro 1:4 sina neno jepesi. "Tabia" hapo husikika kama adabu njema ya kuigwa, na "asili" huweza kumfanya msikilizaji adhani tumetoka kwa Baba kama Mwana alivyotoka kwake.